Zoezi la Kufunga Macho

Jumatatu, 9 Machi

Upepo tangu asubuhi. Vumbi la Kitengela limeingia kwenye rangi nyeupe, sasa niko na rangi ya maziwa yaliyoungua. Nimechorea nayo bango la kinyozi. Kinyozi ameuliza kwa nini wateja kwenye picha wanaonekana wagonjwa. Nimemwambia ndio mtindo wa siku hizi. Hakuridhika.

Habari kubwa: Kajiado mjini wamejenga ukumbi mpya wa maktaba, na ukuta wake wa mbele unatafuta picha. Ukuta mzima! Unaonekana kutoka barabara ya Namanga. Kila basi liendalo mpakani litaupita. Kamati inakutana Ijumaa kuangalia mawazo ya wachoraji. Mwenyekiti ni Madam Virginia, mwalimu mkuu mstaafu. Inasemekana hajawahi kucheka mbele ya watu.

Ukuta ni wangu. Nimeamua. Miaka yote hii nimechora mabango ya bucha na saluni nikingojea siku yangu. Tatizo moja dogo. Sina wazo.

Nimekaa mbele ya karatasi tangu chakula cha mchana. Nimechora twiga. Nyuma ya twiga nimechora mlima. Evalyne, mke wangu, amerudi kutoka duka la dawa anakofanya kazi, akachungulia juu ya bega langu, akasema huyo twiga ni yule yule wa bango la hoteli, wa shule ya chekechea na wa kanisa. Ni kweli, lakini si neno la kuambiwa na mke.

Kibaya zaidi: Gakuru anautaka ukuta huo huo. Gakuru ana kibanda cha kuchorea kinachotazamana na changu. Anachora vizuri, halafu ni mtu mwema. Mambo hayo mawili mtu mmoja hafai kuruhusiwa kuwa nayo. Evalyne amesikia kwamba siku hizi anakwenda kwa Mwalimu Selpha, mama aliyestaafu kufundisha sanaa, anayefundisha watu jioni kwenye veranda yake. Mazoezi mafupi ya kuamsha mawazo. Mazoezi! Kana kwamba sisi ni timu ya mpira.

Mpango: kesho naenda. Si kufanya mazoezi. Nakaa nyuma ya Gakuru na macho yangu yanafanya kazi.

Jumanne, 10 Machi

Veranda ya Mwalimu Selpha iko mwisho kabisa wa mtaa, mahali nyumba zinapokwisha na uwanda kuanza. Mbele yake kuna ile miti mifupi ya miiba yenye vivimbe vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi. Upepo ukipita inapiga mluzi, yote kwa pamoja. Ni sauti ya watu wanaoitana kwa mbali, bila kutaja jina. Sikuipenda.

Mwalimu Selpha ni mama mrefu wa Siaya, sauti ya chini, miwani imefungwa kwa uzi. Nimemwambia nimekuja kwa sababu ya mapenzi ya sanaa. Ameniangalia kidogo, akasema karibu. Gakuru alifurahi kuniona. Alinivutia kiti kando yake. Kando! Mimi nilitaka nyuma.

Zoezi lenyewe ni hili. Sufuria ya chai inawekwa kwenye jiko. Unafunga macho, unaweka penseli kwenye karatasi, na huiinui wala kuisimamisha mpaka chai ichemke. Nimeuliza tunachora nini. Mwalimu Selpha akasema hilo swali huwa linaachwa getini.

“Acha mkono uende,” akasema. “Wewe ufuate tu.”

Nilifunga jicho moja. La pili nikalielekeza kwa Gakuru. Macho yake yalikuwa yamefungwa kabisa, uso umetulia kama mtu anayebarikiwa, na karatasi yake ilikuwa imejaa nyuzi zilizosokoteka. Hakuna cha kuiba pale. Wakati wote huo mkono wangu mwenyewe ulikuwa unazungukazunguka, nami sikuujali.

Chai ikachemka. Nikaangalia karatasi yangu.

Meza. Meza ndefu imeonekana kutoka juu, vile ndege angeiona. Ina ufa katikati. Watu wamekaa kuizunguka, wote wametupa mgongo. Mwanamke mwenye kitambaa kichwani. Mwanamume wa mabega mapana. Mtoto mwenye nywele za kusukwa, mwisho wa meza. Na kando ya mtoto, stuli tupu.

Mimi siwezi kuchora mgongo. Mteja yeyote atakuambia. Watu wangu wote hutazama mbele, tena wote wana uso mmoja.

Gakuru akasema ni kazi safi sana. Alimaanisha. Mwalimu Selpha aliishika karatasi kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimewahi kufika mahali hapo. Nikasema hapana. Akawamiminia wengine chai. Yake hakuinywa.

Jumatano, 11 Machi

Leo nimechora ng'ombe wa bucha. Ng'ombe wa madoa, kazi rahisi, naweza kuifanya nikisinzia. Mwenye bucha akaja kuangalia, akauliza kwa nini kuna watu tumboni mwa ng'ombe. Nikacheka. Halafu nikarudi nyuma hatua chache nikaona. Yale madoa ni migongo. Mabega mapana ubavuni. Kitambaa karibu na mkia. Nimepaka ng'ombe mzima kahawia. Sasa mwenye bucha anasema anafanana na gogo.

Jioni nikaenda darasani na mpango mpya. Nimejiandalia picha nyumbani kabisa: twiga anasoma kitabu. Maktaba, twiga, kitabu. Nikaificha chini ya karatasi safi, ili wakati wa zoezi niivute juu na watu washangae.

Mwalimu Selpha alibadilisha zoezi. Kila mtu alimwagiwa chai kidogo kwenye karatasi, kisha unachora kile unachokiona ndani ya doa. Chai yangu ikapenya mpaka chini. Twiga akalowa, akavimba, akapotea. Kilichobaki kwenye karatasi zote mbili ni doa refu lenye ufa katikati, na vidoa vidogo kulizunguka. Upande mmoja, mwishoni, pengo.

Sikuchora chochote. Hakukuwa na haja.

Gakuru kwenye doa lake aliona barabara. Alikuwa anachekelea peke yake na kuchora haraka haraka. Nikanyoosha shingo nione. Mwalimu Selpha akanigusa bega. Akasema kwa upole kwamba wazo likija lenyewe mtu hulishukuru, lakini kwanza hulichungulia usoni ajue ni la nani. Akaniomba niupumzishe mkono siku kadhaa.

Wivu, bila shaka. Walimu wote hufika mahali wanaona mwanafunzi amewapita.

Alhamisi, 12 Machi

Evalyne ananiangalia vibaya. Anasema wakati wa chakula kidole changu kilikuwa kinachora kwenye mchuzi uliomwagika mezani. Nikasema ni mazoea ya kazi. Akasema nilikuwa nikiongea naye habari za kodi ya maji, tena nikimwangalia usoni, na kidole kikiendelea chenyewe. Akaufuta mchuzi kwa kitambaa. Kidole kikaendelea kwenye meza kavu.

Nimeshaelewa kinachotokea. Ni kipaji. Kimechelewa, lakini kimefika. Wengine hukipata wakiwa vijana na kukiharibu. Mimi kimenikuta nimekomaa.

Kwa hivyo sina haja ya kuhangaika. Picha ninayo. Watu wamekaa mezani, hiyo ni jamii. Wametupa mgongo, maana wanasoma. Stuli tupu ni ya msomaji mpya. Karibu maktaba! Nimeshangaa jinsi wazo lilivyoingia vizuri. Nimechora picha kubwa, safi, kwa rangi. Haikunichukua muda. Mkono ulikuwa unanitangulia, nami nikawa natafuta tu rangi ulizozitaka.

Kitu kimoja. Nilijaribu kuweka mtu kwenye ile stuli. Penseli ikifika hapo haishiki. Inateleza kama karatasi ina mafuta.

Ijumaa, 13 Machi

Siku mbaya kuliko zote za maisha yangu, na hapo nahesabu ile siku ya bango la askofu.

Kajiado kulikuwa na mawingu na baridi. Askari wa ukumbi akanisalimu kwa Kimaasai, “Supa,” nikamjibu “Supa oleng” kwa sauti kubwa ili kamati isikie mimi ni mtu wa hapa. Kamati ilikuwa imekaa safu moja, Madam Virginia katikati, kalamu imelala sambamba na ukingo wa meza.

Gakuru alianza. Zile nyuzi zake zimegeuka barabara, na barabara zimegeuka shanga: ya Nkoroi, ya Namanga, ya Rombo, zote zinakuja kujifunga kwenye mlango wa ukumbi huu. Nzuri mno.

Kisha mimi. Nikafungua karatasi yangu. Nikaeleza jamii, nikaeleza stuli. Mzee mmoja wa kamati akavua kofia. Madam Virginia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Hii picha tunaijua,” akasema.

Akamtuma askari ndani. Askari akarudi na picha iliyowekwa fremu. Meza ile ile. Ufa ule ule, unaopinda mahali pale pale. Kitambaa, mabega, nywele za mtoto. Stuli tupu. Chini kona ya kulia, jina: Masila.

Masila alikuwa mchora mabango hapa Kajiado. Ukumbi ulipokuwa bado msingi tu, aliwaletea picha hiyo, akasema haijaisha, atakuja kuimalizia. Hakuja tena. Amezikwa mwaka jana.

Niseme ukweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nimeiba mawazo mengi. Ng'ombe wangu ni wa Gakuru. Mlima wangu ni wa kalenda. Lakini hii sikuiiba. Kwa mara ya kwanza maishani nimechora kitu changu, na ndipo nimeshikwa!

Gakuru akasimama, akawaambia wote kwamba aliniona kwa macho yake nikiichora nimefumba macho, chai ikiwa jikoni. Watu wakamwangalia kwa huruma. Hata mimi nisingeamini. Kwa hivyo nikafanya kile mtu mwenye akili hufanya. Nikasema nilikuwa mwanafunzi wa marehemu. Kwamba alinifundisha picha hiyo kwa mkono wake.

Madam Virginia akasema kama ni hivyo basi mjane wake ananijua. Anaitwa Kalunde, anakaa ng'ambo ya soko la mifugo. Niende kesho nimwone, na kama mama huyo atakubali, kamati itakubali. Kama hatakubali, itabidi nieleze vizuri zaidi.

Mpango: sukari, majani ya chai, mkate mkubwa. Na machozi. Nimefanya mazoezi ya kulia mbele ya kioo. Evalyne amepita akauliza kama nimeumia mguu.

Jumamosi, 14 Machi

Nitaandika pole pole.

Nyumba ya mjane ni ya mabati, imepakwa buluu, peke yake kwenye uwanda. Miti ile ile ya mluzi imeizunguka. Mlango ulifunguliwa kabla sijabisha. Mama mzee, mwembamba, wa kwetu Ukambani kwa matamshi yake. Nikamwita mwaitu, vile tunavyowaita mama zetu, nikampa vitu, nikaanza hadithi ya mwanafunzi. Sikufika hata kwenye machozi. Akanikatiza kwa utaratibu, akasema Masila hakuwahi kuwa na mwanafunzi. Hata paka hakumtaka nyuma yake akifanya kazi.

Nikafikiri sasa nafukuzwa. Badala yake akaniomba mikono. Akaigeuza, akaiangalia, akaniachia. Akasema niingie, anaweka chai.

Ndani kulikuwa na picha moja tu ukutani, ya marehemu: kofia ya ukingo mpana, ndevu chini ya kidevu. Na mezani, karatasi, nyingi, zote meza ile ile. Ya zamani zaidi ilikuwa na mtu mmoja tu.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Masila hakuichagua hiyo picha. Mama yake alipofariki, mkono wake ulienda wenyewe ukamkalisha mama huyo pale. Kitambaa ni chake. Halafu ndugu yake akaanguka kutoka kwa jengo, naye akaketi. Wengine wakafuata. Halafu mtoto wao wa pekee, Mbeke, akiwa bado shule ya msingi. Homa tu. Siku hiyo Masila alichora nywele alizosukwa asubuhi na mama yake. Kisha akachora stuli kando ya mtoto, akasema hiyo ni yake mwenyewe. Alipougua mara ya mwisho hakuweza kushika penseli. Kwa hivyo hakuna aliyemkalisha.

“Sitaki kitu kwako,” Kalunde akaniambia. “Nataka tu kujua kama alifika kwa mtoto. Chai ikichemka, nitaangalia.”

Akanipa penseli ya marehemu, fupi, imetafunwa. Akageukia jiko.

Nilifunga macho. Yote mawili, na nilimaanisha, labda mara ya kwanza. Nje miti ilikuwa inaita. Mkono ukaanza. Haukuteleza. Ulifika kwenye stuli ukakaa hapo, ukafanya kazi kwa utulivu, na nilihisi kila mstari kana kwamba unachorwa kwenye ngozi yangu. Paji la uso. Nyusi. Nikajiuliza, uso? Wote wale wametupa mgongo.

Nikafungua macho.

Mtu wa kwenye stuli alikuwa ametugeukia. Yeye peke yake. Na alikuwa mimi.

Nusu ya uso ilikuwa tayari. Kovu la nyusi nililolipata kwa kuanguka na ngazi. Jicho langu, linavyoangalia pembeni. Sikupiga kelele. Nikainua kichwa nimwite Kalunde, nikamwona amesimama jikoni, amenipa mgongo, kitambaa kichwani. Kama wale wa mezani. Sikumwita.

Mkono ulikuwa bado unaendelea. Ulikuwa umeanza mdomo. Nikaushika kwa mkono wa kushoto na kuulazimisha. Nikaweka kofia, ukingo mpana, ikafunika nyusi. Nikaweka ndevu. Mabega nikayashusha. Kuharibu kitu cha kweli haraka, mteja asijue, ndiyo kazi niliyoijua maisha yangu yote. Namshukuru Mungu kwa uzoefu.

Chai ikachemka. Kalunde akaja akifuta mikono. Akaangalia. Akagusa ile kofia kwa kidole kimoja, kisha zile nywele za mtoto.

“Ameketi,” akasema.

Akalia. Nami nikalia, na haikuwa ile ya kioo. Baadaye akampigia simu Madam Virginia, akamwambia amenitambua.

Ukuta ni wangu! Nimeandika hivyo ili nifurahi. Nitaangalia kesho kama imefanya kazi.

Jumatano, 25 Machi

Ukuta umekwisha na leo umefunguliwa. Hotuba, wimbo wa watoto wa shule, soda.

Mambo ya kazi, kwa kifupi. Mimi na ngazi hatupatani, kwa hivyo sehemu za juu amepanda Gakuru. Za katikati pia, kwa sababu nilikuwa na mafua. Amekataa jina lake liandikwe. Anasema ni picha ya familia ya watu, yeye amesaidia tu. Kamati imempa ukuta wa nyuma kwa zile barabara zake, naye amenishukuru mimi kwa kumpa moyo. Mtu huyu atanimaliza.

Mvua imeanza. Kila ikinyesha, rangi ya kofia na ndevu inapauka. Nyingine zote zinashika, hata zile nilizochanganya na maji. Gakuru ameipaka kofia tena na tena bila kulalamika. Asubuhi moja askari aliniuliza nilikaa lini kuchorwa. Nikamwambia huyo ni marehemu Masila. Akasema alimjua Masila vizuri, na akaenda zake kukagua geti ambalo lilikuwa wazi.

Nilisahau kusema, sina hamu ya kula. Evalyne ameleta dawa za minyoo.

Kalunde alikuja amevaa nguo ya kanisani. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya ukuta mpaka hotuba zikaisha, kiganja chake kwenye nywele za mtoto. Nilijiweka karibu, kwa sababu kulikuwa na mtu wa magazeti. Hapo ndipo aliponigeukia. Alimwangalia mtu wa kofia, akaniangalia mimi, akamrudia yule.

“Nilijua siku ile ile kwamba si yeye,” akasema, chini chini, kwa Kikamba. “Ungekuwa mahali pangu ungenyamaza pia. Mtoto alikuwa peke yake mwisho wa meza miaka yote hii. Sasa ana mtu.”

Nilitaka kumwambia kwamba mimi niko hapa, na soda mkononi, na mke nyumbani. Akaniwahi. Alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akaupapasa vile unampapasa mtoto anayetumwa safari, akaondoka. Mtu wa gazeti ametupiga picha hapo, akanitumia kwenye simu. Evalyne anasema mimi sionekani vizuri. Kuna kitu kama ukungu.

Jioni nikapita kwa Mwalimu Selpha, nikamweleza yote. Karibu yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema wachoraji wazuri aliowafundisha, wote, kuna siku waliweka penseli chini na kupumzika, na hakuna aliyekufa kwa kupumzika. Akaniomba nimwahidi. Nikaahidi. Nyumbani nikamwahidi Evalyne pia, nimeweka mkono juu ya Biblia yake. Sitafunga macho tena nikiwa na penseli. Nimekoma. Mtu mzima hujifunza.

Jumatatu, 30 Machi

Kuna kanisa kule Nkoroi linalotaka picha nyuma ya madhabahu. Pana kuliko ukuta wa Kajiado! Gakuru ameniambia mwenyewe, kwa wema wake, na kwamba tayari amepata wazo zuri sana. Hakusema ni lipi.

Nimechora twiga. Nimemwangalia. Nimemchana.

Nimefikiri kwa makini. Kosa langu lilikuwa kutokuwa na mpango. Niliuacha mkono uende unakotaka, na ukaenda kwa Masila. Mkono unahitaji maelekezo. Safari hii, kabla ya kufunga macho, nitaufikiria kwa nguvu ubongo wa Gakuru. Nitakaa nyuma yake hata kama hayupo. Utachora wazo lake, nami nitafika Nkoroi kabla yake. Hakuna meza, hakuna stuli, hakuna marehemu. Ni barabara iliyonyooka.

Na kiapo? Nilisema sitafunga macho. Nitafunga jicho moja. Evalyne yuko kazini.

Sufuria nimeweka jikoni. Karatasi iko tayari. Penseli nimeitafuta, sijaiona. Nje kuna upepo, na kuna kitu kinapiga mluzi, ingawa mtaa huu hauna mti hata mmoja.

Chai haijachemka bado. Mwandiko ni mbaya, najua. Ni mkono wa kushoto unaoandika. Wa kulia umeshaipata penseli. Uko na kazi.